Saa Arobaini na Nane

Wanasema kidole kimoja hakivunji chawa.
Changu kilimvunja Isabirye Tenywa
usiku wa Jumanne, Walukuba, umeme umekatika,
simu imebaki na asilimia tisa.
Mtandao ukauliza, kwa adabu ya karani wa benki:
Una hakika?
Nilikuwa na hakika.

Siku hiyo alikuwa amebandika picha. Tai mpya,
meno yote nje, na maneno: Kwa unyenyekevu nawatangazia.
Unyenyekevu!
Majedwali yale niliyaunda mimi, safu kwa safu,
wiki tatu kwenye ghala la magunia kule Masese,
vumbi la katani puani,
yeye kanishikia tochi.
Akayapeleka juu kwa wakubwa,
akashuka Meneja.
Watu mia mbili na kumi na wanne wakampigia makofi,
yale makofi ya kidole gumba,
hata dada yangu Namuwaya, asiyemjua.

Basi nikatia komeo.

Uzuri wa komeo lile, halina mlio.
Mtu haambiwi. Hasikii mlango ukibamizwa.
Siku moja tu anakutafuta, anakuta ukuta
uliopakwa rangi vizuri,
kana kwamba pale hapajawahi kuwa na nyumba.
Na kila asubuhi tulikutana getini,
"Bibi Hesabu!" "Meneja wangu!"
mkono kwa mkono,
huku mfukoni mwangu hayupo.
Mpaka alipohamishiwa Kampala.

Kitu kimoja sikukijua.
Miaka mitatu baadaye kazi imetangazwa Mbale,
wanataka mtu wa kunisemea.
Nikakumbuka yupo aliyewahi kuniandika,
sentensi mbili kwenye wasifu wangu, kabla ya tai:
Naigaga akikuambia gunia moja halipo, usibishane.
Nenda kalitafute.
Hakuna aliyewahi kunisifu vizuri namna hiyo,
hata aliyenioa.
Nikashuka kwenye ukurasa, nikapanda, nikashuka.
Hapana kitu.
Ukimzuia mtu, sifa alizokupa anaondoka nazo.
Imeandikwa, chini kabisa, kwa herufi za sisimizi.

Mtaka cha mvunguni...
nikafungua orodha ya niliowafungia.
Wanne. Wakala wa kazi za Uarabuni, aliyetaka ada kwanza.
Mhandisi aliyesoma cheti changu cha uhasibu
akanijibu kuhusu macho yangu.
Mchuuzi wa bima, Mungu amsaidie, hakuwa anachoka.
Na Tenywa katikati yao,
kama mtu aliyezolewa kwenye msako.

Ondoa kizuizi.
Safari hii sikuulizwa kama nina hakika.
Nilionywa: kumzuia tena, ngoja saa arobaini na nane.
Siku mbili, mchana na usiku, mlango wazi,
hata nikijuta.

Sifa haikurudi. Hilo nalo lilikuwa limeandikwa.

Nikaenda kumtazama. Tai ni ileile.
Lakini uso umezungushiwa lile duara la kijani
la watu wanaotafuta kazi,
na chini yake cheo chake, tarehe ya kuanza,
tarehe ya kumaliza.
Imepita miezi minane.
Alichobandika mwisho kimepigiwa makofi na mtu mmoja:
yeye mwenyewe.

Nilitaka kufurahi. Nilijipa nafasi kabisa, nikaketi.
Furaha haikuja. Ilikuja ile tochi,
mkono wake ukitetemeka kwa uchovu, saa nne usiku,
naye hasemi tuondoke.

Kidole kiko juu ya Ungana.
Kwenye kurasa za watu huwa napita kimya, jina nimelificha.
Ataarifiwa tu kwamba mtu fulani,
wa hesabu, viwandani, Jinja,
ametazama wasifu wake.
Tuko wangapi?
Atajua.

Bando ni la leo tu. Nailaza simu kifudifudi mezani,
naenda kuanika nguo za watoto,
narudi, naigeuza.
Saa arobaini na sita.